Mkanda wa Faridi

Buyenzi, Novemba 2004

Kaka Khaled,

Asalam aleykum. Mama amesimama nyuma yangu, anataka salamu zake zitangulie zangu. Mguu wake umepona, sukari imeadimika tena, na Asiya wa jirani amejifungua mtoto wa kike.

Ile kazi uliyonipa kutoka huko Bruxelles, ya kuwakaribisha wanaoanza karate kwenye forum yetu ya intaneti, naifanya kila Jumamosi pale siber, kwenye kompyuta za kulipia. Lakini lile swali lako la kuwauliza wageni, "Unakaa kartiye gani?", yaani mtaa gani, nimelifuta. Kaka, umesahau kwetu kulivyo. Tangu vita vianze, ukimuuliza mutu kartiye yake, umemuuliza kabila lake. Mi nawauliza tu wanatanguliza mguu gani wanapopigana.

Mmoja alikuwa amekwisha kujibu kabla sijalifuta. Anaitwa Révérien. Anakaa kule walikotoka waliomuua mdogo wetu Faridi. Nilizima mashine, nikarudi nyumbani bila kumjibu.

Jumamosi iliyofuata nikamwandikia, "Karibu." Akasema anajifunza peke yake uani, na kiunoni anafunga kipande cha kitenge cha marehemu mama yake.

Unajua desturi ya club yetu: anayeanza hanunui mkanda, anapewa ule wa aliyemtangulia. Mkanda mweupe wa Faridi uko kwenye sanduku la mama. Jana nilimwomba anipe nimpelekee Révérien, nikidhani atanifukuza.

Leo asubuhi nimeukuta mkanda kwenye kamba ya nguo. Ameufua.

Mdogo wako,
Houda