Maji ya Brightness

12 Machi 2023

Mama mpendwa,

Shikamoo. Hamjambo huko Gehandu? Binti yangu Brightness anaendeleaje? Mimi mzima, ni baridi ya Ulaya tu inayonionea.

Mama, yale maji niliyochota kisimani kwetu nimeyapima. Si mazuri, Brightness asiyanywe. Sababu siwezi kuiandika. Utafiti huu unashindania tuzo ya kila mwaka ya wanajiokemia chipukizi, wachunguzi wa kemia ya miamba na maji, na Profesa anayenisimamia hataki habari itoke mapema. Usimwambie mtu.

Mwanao,
Fausta


30 Aprili 2023

Mwanangu Fausta,

Marahaba. Hatujambo, mahindi yameshika vizuri. Mtoto ametimiza miaka mitatu na mdomo ni kama wako, haunyamazi.

Nimekuelewa. Maji yake nayachemsha peke yake, sufuria inaanza imejaa mpaka inabaki nusu. Kuni zinaniisha, lakini mtoto uliniachia mimi. Jirani yetu Mama Akonaay ananicheka eti nalea mzungu. Sijamwambia kitu. Kama nimekosea, niandikie.

Mama yako


30 Septemba 2024

Mama,

Shikamoo sana. Nimeshinda! Picha hii hapa, wamenisimamisha mbele ya ukumbi mzima.

Sasa naweza kusema. Ni floridi, madini yanayotoka kwenye miamba ya mlima wetu. Yakizidi yanaharibu meno na mifupa ya watoto. Kuchemsha hakuyaondoi. Maji yakipungua, madini yenyewe yanabaki, yanakuwa makali zaidi. Mpe maji ya mvua.

Barua yako niliisoma, Mama. Niliogopa kujibu, nikajiambia ni miezi michache tu. Nisamehe. Mtoto hajambo?

Mwanao,
Fausta


24 Oktoba 2024

Fausta,

Marahaba. Mtoto ana matege. Magoti yamepinda, akitembea hatua kumi anakaa chini. Watoto wa Mama Akonaay walikunywa maji hayo hayo mabichi, wao ni meno tu yamekuwa ya kahawia. Wangu nilimpikia sumu kila siku, mwaka na nusu, kwa kuni zangu mwenyewe. Nimelia mpaka nimechoka.

Jana nilipita nyumba kwa nyumba kuwaambia watu. Wewe ungewaambia kwa mstari mmoja.

Picha yako Brightness ameibandika ukutani. Akaniuliza miguu yake imepatwa na nini. Nimemwambia ni Bibi, hakujua kuchemsha. Mimi nimezeeka, atabaki na wewe. Ukija, usimwambie vingine.

Mama yako