Kulia kwa Jicho Moja

Mama,

Shikamoo. Najua hutaitikia, ila mdomo umezoea.

Tangu tukuzike hapa kwenye migomba, jicho langu la kushoto halikuacha kutiririka machozi. La kushoto tu. Mimi kitinda mimba uliyeniachia kihamba, shamba la ukoo, mwanamume mwenye ndevu, nikawa kichekesho cha Old Moshi. Jirani yetu Mama Aikaeli akawa ananiletea kiburu cha ndizi na maharage: "Bado unamlilia mama? Jikaze, baba." Nikimwambia ni ugonjwa, anasema ndivyo wanaume mnavyosema. Kiburu chake hakikifikii chako, lakini nilikila, maana ni yeye pekee aliyekuwa akibisha hodi. Wakubwa zangu wako Dar, watapanda huku mlimani Krismasi.

Zahanati waliniambia njia ya machozi imeingiwa na wadudu. Nikapewa dawa ya matone, kisha vidonge. Uvimbe uliokuwa umetokea kando ya pua haukupungua, wala haukuuma. Hapo ndipo nilipoogopa. Wewe nawe ulianza na kivimbe kisichouma, shingoni, tukawa tunakikanda kwa maji ya moto.

Hospitali ya mjini wakasema si wadudu, ni kinyama kimeota na kubana njia ya machozi. Wakakitoa, wakakipeleka kupimwa. Siku za kungoja majibu nilikuwa naongea na ng'ombe wako. Hakujibu, ila aliacha kutafuna.

Jana daktari kasema si saratani, hakina madhara. Nikatoka mbio, nikachomoa simu, kidole kikaenda kwenye jina lako. Nikabaki nimesimama getini na habari njema, sina wa kumpa.

Unakumbuka nilivyokuwa najiliza ili nisiende kukata majani ya ng'ombe? Nafunika jicho moja kwa kiganja, lingine nakuchungulia. Ulikuwa unasema, "Lia na hilo lingine, ndipo nikuamini."

Leo nimekaa kaburini kwako, mshono bado unavuta. Jicho limekauka. Mama Aikaeli amepita, kafurahi, kasema sasa nimepoa. Nadhani kiburu ndiyo basi tena. Alipoondoka nikalia, Mama. Nimekukosa mno.

Lala salama. Masale tuliyopanda kaburini nitayamwagilia, na ng'ombe hatalala njaa.

Nimelia kwa yote mawili. Safari hii uniamini.

Mwanao