Kola Niliyoifumua

Mshauri wangu, nilimpoteza mwanafunzi wangu bora mwezi uliopita, siku ya maonyesho, na hajafa wala hajahama, yupo pale pale dirishani, cherehani mbele yake, mguu haukanyagi.

Mimi ni mwalimu wa ushonaji katika chuo cha ufundi, sikubebwa na mbeleko ya mtu, nilijifunza kwa vipande vilivyotupwa na mafundi, leo nikilitazama bega lako nakutajia kipimo na sikosei hata nusu sentimita, sasa huyu binti, tunamwita Umeme kwa alivyokuwa akikanyaga, alishona shati la maonyesho peke yake, zuri, ila kola upande mmoja ilizidi sentimita nzima, na wazazi wanakuja, nikaona aibu hiyo ya nini, alipoondoka nikaifumua nikaishona upya, robo saa tu, kosa liko wapi? Shati likapigiwa makofi, mama yake akaishika kola akasema, "Mwanangu, mkono huu wa kushona umeutoa wapi?" naye akajibu, "Muulize mwalimu," akatoka nje.

Tangu hapo nimembembeleza, nimemgombeza, nimemhamisha kiti, wapi! Nikimpa kitambaa ananirudishia: "Shona tu wewe, mwalimu, mimi nitapiga pasi." Wenzake wanaangua kicheko. Hivi hiyo ndiyo shukrani? Ijumaa mkuu wa chuo anataka jina la mwanafunzi mmoja wa kuondolewa ampishe mwingine, na jina ni lake, lakini kila nikishika kalamu nashindwa, maana sijawahi kufundisha mikono kama ile. Nifanyeje?

Fundi Mwalimu

*

Fundi Mwalimu, pole. Umeshindwa kuandika, na hapo tu ndipo ulipofanya la maana mwezi mzima.

Unauliza kosa liko wapi? Kwenye robo saa hiyo hiyo. Binti alisimama mbele ya mama yake na shati asiloweza kusema ni lake. Ungemwambia, "Kola imezidi, fumua," angenuna, angefumua, angeshona. Wewe ukangoja aondoke! Sasa ajisumbue kwa lipi, ikiwa utamalizia wewe? Huo si uvivu, baba, ni uchungu. Na wewe ulipokuwa ukihangaika na vipande vyako, nani alikufumulia? Uliharibu mpaka ukajua. Mwenzio umemnyima hata kuharibu.

Kesho, mbele ya wale wale waliocheka, mwambie, "Nilikosea kugusa kazi yako." Usiongeze "lakini". Kisha mpe kitambaa, mwombe akushonee shati wewe. Akupime mwenyewe, na usimtajie kipimo hata kimoja. Najua ulimi utakuwasha. Akianza kushona, nenda zako ukanywe chai. Kola ikipinda, livae shati uingie nalo darasani hivyo hivyo. Akiona haya, atakuomba ulivue alirekebishe, nawe utakuwa umempata. Mkuu wako mwambie Ijumaa kwamba huna jina la kumpa.

Jumatatu ijayo, kabla ya saa kumi jioni, nataka jibu lako, na usinizungushe: shati umelivaa, au hukulivaa?