Mabati Yenye Majina ya Wazazi

Rwambuzi, Bunia. Jumapili, mwezi wa tisa, baada ya ibada ya kwanza.

Maman Eliza,

Naanza na siku na mahali, unavyonijua. Hata jioni ile tuliporudi kukuzika nilifungua kaye yangu, daftari lile lile, nikaandika siku, saa, na hali ya hewa: jua, mawingu kidogo. Kisha nikashindwa kuandika kilichotokea. Ukurasa ule uko vilevile mpaka leo, mistari mitupu.

Ni miezi minne sasa. Nimehama kutoka Ngezi, kwa sababu nyumba yetu ilikuwa kubwa kwa mtu mmoja na mwenye nyumba alikuwa na ndugu waliokimbia vita, hawana pa kulala. Nakaa kwa Maman Rahabu, yule muuza samaki wa chumvi uliyemzalisha mapacha. Kitenge chako cha kanisani nimekivaa mara mbili. Kile cha kazi, chenye madoa ya dawa ya zambarau, nimekikunja tu. Wanawake bado wanagonga mlango na kuuliza, "Maman Eliza iko?" Nikisema hupo, niko mimi, wananitazama kuanzia miguuni mpaka kichwani, halafu wanaingia, maana uchungu haungoji. Nimepokea watoto kumi na mmoja tangu ulipoondoka. Wote walilia vizuri.

Milio ya bunduki imepungua, ila mji umekatwa. Kuna mitaa ambayo watu wa mlimani hawaikanyagi, na kuna ile ambayo sisi wa ziwani hatuikanyagi. Sokoni tu ndiko wanawake wanapoonana, wanauziana mihogo na samaki bila kuulizana habari za nyumbani.

Lakini nimekaa kukuandikia kwa ajili ya hospitali yetu ya kule ufukweni.

Watu wa ziwani waliokimbilia Bunia wameunda kamati. Rais wake ni Papa Gustave, fundi wa mitumbwi, bado na ile sauti ya kuita watu walio ng'ambo ya maji. Kuna kanisa moja limesema, vita vikitulia, litasaidia kuijenga upya hospitali, ila kwanza linataka kusoma historia yake. Papa Gustave akaja kwangu.

"Weye ndiye uko na kaye," akasema. "Andika nani alianza, nani alijenga, nini iliifunga. Page mbili, hapana zaidi. Na mwisho uandike vizuri: mupepo ilibomoa, halafu batu ba mulimani baliiba manjanja yote, mabati yote ya paa. Basi."

Nilijibu, "Ndiyo, papa." Unajua nilivyo mbele ya wazee. Akaondoka ameridhika, nami nikakaa na kalamu mkononi.

Mwanzo ulikuwa rahisi. Niliandika kuhusu kile chumba kimoja cha udongo na nyasi ulichoanza nacho, na meza ya kuzalia iliyotengenezwa kwa mbao za mtumbwi uliopasuka. Niliandika jinsi wavuvi walivyobeba mawe ya ufukweni kwa ajili ya msingi, na jinsi watu wa mlimani walivyoteremsha miti ya paa kwa mabega, siku nzima kwenye ile njia ya mteremko. Niliandika sheria yako: kila familia iliyopata mtoto kwetu, ikiweza, ilete bati moja la paa, nawe utaandika jina la baba na mama upande wa ndani kwa rangi nyekundu.

Kanisa lile halitaelewa kwa nini upande wa ndani. Sisi tunajua. Mwanamke akilala kwenye meza yako alikuwa anayaona majina juu yake, nawe ulimfundisha kupumua nayo. Jina moja, pumzi moja. Asiyejua kusoma ulimsomea. Nakumbuka Dorika, yule mkulima wa mlimani mwenye mwanya, uchungu umemkaza na wewe unamhimiza, "Ya tatu, Dorika, ya tatu! Zakaria na Furahisha!" Naye akapiga kelele, "Huyu Zakaria ni nani? Jina yake murefu hivi, anataka niikufe?" Ulicheka mpaka ukaegemea ukuta, na mtoto akatoka wewe ukiwa bado unacheka. Zakaria mwenyewe, mvuvi mfupi kama kiti, aliposikia, alimpelekea Dorika samaki.

Na rejista yetu. Nilipoanza kazi, nimetoka tu shule ya sekondari, nilikuchorea kurasa zenye mistari iliyonyooka: jina, umri, kijiji, kabila. Ulichukua rula yangu, ukapiga mstari juu ya ile safu ya mwisho, kolone ya kabila. "Hapa andika uzito," ukasema. "Kabila ya mutoto ni kilo yake." Tangu siku hiyo ukaniita Sekretere. Watu walipokuuliza wewe mwenyewe ni wa ziwani au wa mlimani, ulisema wewe ni wa materinite, nyumba ya kuzalia.

Kisha nikafika kwenye dhoruba. Hiyo nayo iko kwenye kaye yangu, siku ya Alhamisi, saa nane mchana. Upepo ulitoka ziwani ukaingia chini ya paa upande wa maji, na bati la kwanza likanyanyuka taratibu, kama mtu anayefungua kitabu. Mengine yakafuata yote kwa pamoja. Wanawake watatu walikuwa wodini. Wawili uliwasukuma chini ya vitanda, wa tatu ulimlalia wewe mwenyewe, kwa uzito wako wote, naye baadaye alisema alidhani ni ukuta. Ukuta wa kweli ulianguka upande wa famasi, na mawimbi yakaingia yakachukua dawa. Hakufa mtu. Kesho yake tuliokota mabati kwenye mashamba ya mihogo, mengine yamejikunja, lakini majina yanasomeka.

Hapo, Maman, ndipo kalamu iligoma.

Ulisema mabati yote yawekwe kanisani, rundo moja, mpaka wakati wa ukavu tutakapojenga. Nami nikasema hapana. Nilikuwa na sababu nzuri, sikuzote ninazo. Nilisema yakikaa pamoja kutakuwa na ugomvi, huyu atadai langu lilikuwa zima, yule atadai langu halikujikunja. Kwa kuwa kila bati lina jina, kila familia ichukue lake, ilitunze nyumbani, ilirudishe siku ya kujenga. Nikachora orodha. Kila aliyechukua aliweka alama. Ulinitazama muda mrefu, ukasema, "Sekretere, weye unapenda kolone sana." Ukaniachia. Watu walifurahi. Watu wa mlimani walipanda na mabati yao kichwani, yanang'aa njia nzima, na mimi nilisimama chini nikihesabu kwa kidole, najivuna.

Wiki tatu baadaye vita vilifika ufukweni. Ulifunga mlango wa hospitali kwa kufuli, nyumba isiyokuwa na paa, na hatukuthubutu kucheka. Kila mtu alikimbia na alichoweza kubeba. Paa letu likatawanyika Ituri nzima, vipande vipande, kwa mwandiko wangu.

Hukunilaumu hata siku moja. Ila mvua ya kwanza iliyotunyeshea pale Ngezi, ulikuwa umelala na homa, ukasikiliza, ukasema, "Manjanja yetu iko wapi mvua hii?" Nilichukua ndoo nikatoka nje kama mtu anayekwenda kuteka maji, katika mvua. Nilirudi nimelowa, ndoo tupu. Hukuuliza. Nilikuwa nimepanga kukuomba radhi ukipata nafuu. Hukupata nafuu.

Sasa Papa Gustave ananiambia niandike kwamba waliiba. Nilijua kitakachofuata. Karatasi ikisema waliiba, hospitali mpya itakuwa ya watu wa ziwani peke yao. Atakayeteremka na uchungu kutoka mlimani atarudishwa mlangoni, na atakayemrudisha atakuwa na maandishi yangu ya kuonyesha. Na kosa langu litakuwa limefunikwa vizuri kabisa. Nikubali, Maman, jambo hilo la pili lilinivuta. Siku mbili nzima niliiacha ile sentensi yake ikae kwenye karatasi. Ilikuwa na mwandiko mzuri.

Jumapili iliyopita kamati ilikutana nyuma ya kanisa. Nilisimama kusoma. Nilisoma kuhusu mawe, miti, majina, upepo. Nilipofika mwisho nilikunja karatasi, nikafungua kaye, nikasoma nilichoandika siku ileile ya kugawana mabati: nani alisema mabati yakae pamoja, nani alikataa, nani alichora orodha, na kwamba watu wa mlimani walibeba yaliyokuwa na majina yao, mbele ya macho yetu, kwa ruhusa yetu. Nilisoma haraka kama mtoto wa shule.

Papa Gustave akasimama. "Sekretere, unatuvunja! Batu banaikufa, weye unatetea manjanja?"

Nikasema, "Papa, sitetei. Ni miye niliyatoa. Kama mwizi iko, aandikwe miye."

Maman Rahabu, aliyekuwa amekaa chini na miguu imenyooshwa, akasema bila kuinuka, "Miye yangu niko nayo. Nilikimbia nayo. Ndiyo inafunika jiko yangu. Kwa hiyo miye pia ni batu ba mulimani?"

Mtu akacheka. Mwingine akasema lake aliliuza njiani apate unga. Zakaria akasema lake alimfunika nalo mama yake kaburini, kwa kuwa hapakuwa na mbao, na hapo hakuna aliyecheka. Kisha Maman Rahabu akamgeukia rais wetu. "Na yako, Gustave? Miye nakaa nyuma yako. Ile mulango ya choo yako iko na jina gani ndani?"

Papa Gustave alijikuna shingo. "Iko na jina ya mama ya batoto," akasema. "Kila asubui ananiangalia."

Walicheka mpaka mchungaji akachungulia. Nilifikiri mambo yameisha, lakini Papa Gustave hakuitia karatasi sahihi yake ya rais. Alichukua kofia akaondoka. Jumatatu hakuja, Jumanne hakuja. Alhamisi alisimama mlangoni kwetu, hakutaka kukaa. Ndugu yake aliuawa kwenye njia ile ya mlimani, unajua. Aliomba karatasi, akaisoma yote akifuata kwa kidole, akatia sahihi, akasema, "Sijasamehe mutu. Lakini wizi haikukuwa." Akaenda zake. Nimeliandika neno hilo na siku yake.

Kwa hiyo historia yako inamalizika hivi: hospitali iliezuliwa na upepo, na haikuezekwa tena kwa sababu tuligawana paa lake, sisi sote, halafu vita vikatutenganisha. Nimeweka jina langu pale panapotajwa orodha ya mabati. Lako nimeliweka juu kabisa, mwanzoni, na sikuandika wewe ni wa wapi.

Kamati imeomba watu wa mlimani nao waisome na waweke sahihi zao, kanisa lisije likaletewa historia mbili. Papa Gustave alitaka tumtume mchungaji. Lakini Dorika yuko hapa Bunia, kwenye mitaa ya watu wa mlimani. Maman Rahabu amemwona sokoni akiuza mihogo, amekonda, bado ana mwanya wake. Kupitia kwa Maman Rahabu tumepatana: Jumamosi asubuhi, mwisho wa soko upande wao, Dorika atakuja na wazee wawili.

Naogopa, Maman. Naogopa ile mitaa, na naogopa zaidi uso wake nitakapomwambia kwa nini watu wetu walimwita yeye na wenzake wezi mwaka mzima kwa mabati niliyowapa mimi. Ningekuwa nawe ungetangulia, na mimi ningekufuata nyuma nikiwa nimeshika makaratasi.

Pumzika sasa. Kaburi lako nimelipalilia jana, udongo umeshuka kidogo upande wa kichwani, nitaongeza. Ile radhi niliyochelewa kukuomba, nakuomba leo. Na Jumamosi sitamtuma mtu. Nitakwenda kwa miguu yangu, nitamsalimu Dorika, na kabla sijafungua karatasi ya kamati nitamwambia kosa lilikuwa langu.

Mwanafunzi wako,
Sekretere