Baba na Vitabu Vyake vya Toleo la Kwanza

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini ulinifunza nisiseme na mkubwa kabla ya kumwamkia, na mafunzo yako yamenikaa kuliko nilivyotaka.

Nakumbuka kabati. Pale sebuleni kwetu, mtaani Picha ya Ndege, viti vilikuwa vya mbao, havina mito, lakini kabati lilikuwa la kioo na lina kufuli. Ndani yake mlikuwa na riwaya za Wafaransa zilizotafsiriwa kwa Kiingereza, za wale waandishi walioona kwamba hadithi si lazima iwe na mwanzo wala mwisho. Ndivyo ulivyotueleza, wewe mwalimu wa Kifaransa. Kila Jumamosi ulikwenda Dar kwa wauza vitabu vya mitumba, na mara nyingi ulirudi mikono mitupu, kwa sababu kitabu kisichokuwa toleo la kwanza hukukileta nyumbani.

Siku moja ulinipakata ukanionyesha namna ya kujua. Unafungua ukurasa ulio nyuma ya jina la kitabu, unatazama kama pameandikwa kwamba kimepigwa chapa tena.

"Kikishapigwa chapa mara ya pili ni karatasi tu," ulisema.

"Na hii ya juu?" nikauliza, nikigusa karatasi ya rangi iliyofunika jalada.

Ukanipiga kofi mkononi. "Usiguse! Toleo la kwanza bila koti lake ni bwana harusi bila kanzu."

Nilikuwa na miaka tisa. Mkono uliniuma, lakini nilikupenda sana siku ile, kwa kuwa ulikuwa umenipa siri.

Januari iliyofuata, shule zilipokaribia kufunguliwa, karatasi za kaki zilikuwa zimeadimika, nawe ulikuwa umesahau ufunguo kwenye kufuli. Mama hakujua kusoma. Aliona karatasi ngumu, nzuri, zimefunika vitabu ambavyo vina majalada yao tayari. Akavua sita, akakaa kwenye mkeka na mkasi, akanijalidia madaftari. Mimi nilijua, Baba. Nilikuwa nimekaa pembeni yake nikimshikia ncha za karatasi. Sikusema, kwa sababu nilitaka madaftari mazuri kuliko ya wenzangu.

Ulirudi jioni na walimu wenzako wawili, umewaleta waone kabati. Ulipokuta vile vitabu viko uchi hukupiga kelele. Ulimwita Mama kutoka jikoni, mikono yake ina unga, ukamsimamisha mbele ya wageni.

"Waeleze walimu ulichofanya."

"Nimemjalidia mtoto madaftari," alisema Mama.

"Mnaona?" uliwaambia. "Miaka kumi na moja mwanamke huyu anaishi na vitabu kama mbuzi anavyoishi karibu na msikiti. Kivuli anakipata, sala haijui."

Mwalimu mmoja alicheka. Mwingine aliangalia chini. Mama alibaki amesimama hapo, kwa sababu hukumwambia aende.

Siku ya tatu ulimwandikia talaka kwenye karatasi ya daftari, kwa ule mwandiko wako wa ubaoni, ukaiacha juu ya meza ukaenda kazini. Mama aliikuta akaniita. "Baba yako ameacha barua. Hebu nisomee, mwanangu, huenda anataka radhi." Nikamsomea. Nilipomaliza akaniomba nirudie, polepole, labda nimekosea. Nikarudia. Akafunga nguo zake kwenye kanga, akarudi kwao Kisarawe. Mimi ulinizuia, ukasema sitakwenda kukulia kwenye ujinga.

Nilikua nawe, nikaolewa Mlandizi, na kila Ijumaa baada ya sala nilikuja kukuona. Presha ya macho ilipokupokonya nuru uliniita karibu na kabati. Ulilifungua mwenyewe kwa kupapasa.

"Zuhura, nisomee. Anza na hiki cha rafu ya juu, ndicho kipenzi changu. Nakijua neno kwa neno, nataka kukisikia tu."

Nikakifungua. Kurasa zilikuwa zimeshikana kingoni, kama zilivyotoka kiwandani. Vitabu vya namna hiyo msomaji huvipasua mwenyewe kwa kisu kadiri anavyosoma, na hiki hakikuwa kimeguswa na kisu. Nikachukua cha pili, nacho vilevile. Cha tatu. Vingine vilikuwa vimepasuliwa na mtu aliyevimiliki kabla yako, lakini vile ulivyovipata vizima uliviacha vizima.

"Mbona kimya?" ukauliza.

"Natafuta kisu, Baba."

Ulielewa. Nikakileta kutoka jikoni, nikapasua kurasa moja moja ukisikia.

Kile cha kwanza kikawa kitabu chetu cha Ijumaa. Kilimhusu fundi wa saa ambaye mkewe ameondoka, naye amekaa dirishani akimkumbuka, ukurasa kwa ukurasa, bila kunyanyuka. Nilisoma Kiingereza, nawe ulisikiliza umeinamisha kichwa. Ijumaa moja ulinikatisha.

"Mama yako hajambo huko?"

"Hajambo."

"Nenda Kisarawe. Mwambie nakaribia kwenda, namwomba aje nimtake radhi. Mwambie yule mjinga wa siku ile ni mimi."

Nilikwenda kweli. Nilimkuta Mama anabangua korosho, vidole vimeungua kwa mafuta ya maganda. Aliniuliza, "Baba yako vipi?" Nikamjibu, "Yupo." Basi. Nilikula ugali wake, nikamsaidia kubangua, nikaondoka. Ujumbe wako nilirudi nao mdomoni kama nilivyokwenda nao.

Ijumaa ukauliza, "Amesemaje?"

"Amesema mbuzi hana kazi msikitini."

Maneno yale niliyatunga kwenye basi, Baba. Niliyageuzageuza mpaka Mlandizi ili yakae sawasawa. Ulifumba macho yasiyoona, ukanyoosha mkono kutafuta ukingo wa kitanda, ukaukosa. Nilikutazama ukiutafuta.

Baadaye ulisema kwa sauti ndogo, "Ana haki. Endelea kusoma."

Zilikuwa zimebaki kurasa chache. Nilipofika ya mwisho uliniuliza kabla sijaisoma, "Mke anarudi?"

Ukurasa ulikuwa mbele yangu. Mke anaingia, anaweka kapu mezani, anauliza kama kuna maji ya kunywa. Ndivyo kinavyoisha.

"Harudi," nikasema. "Fundi anakufa peke yake." Nikafunga kitabu.

Ulifariki kabla ya Ijumaa nyingine. Tulikuzika huko huko Kisarawe, maana nako ni kwa wazee wako, na Mama alikuja msibani. Hakuna aliyemtarajia. Alikaa na wanawake wenzake, akalia kilio cha mtu aliyefiwa na mume, si mtalaka. Alinishika mkono akasema, "Laiti angeniita hata mara moja. Ningekuja kwa miguu." Nikamjibu, "Alikuwa mkaidi, Mama." Nawe ulikuwa bado hujafikishwa kaburini.

Nilidhani utamu wa kukulipiza utadumu. Miezi mitatu ulidumu. Kisha, kila nikienda kwake, nikaanza kumwona Mama akikuombea dua baada ya sala, akimaliza anasema, "Nimemsamehe, japo hakuomba." Kila akisema hivyo mimi nilikuwa nikiinuka kutoka nje.

Jumatatu iliyopita sikuinuka. Nilimweleza yote, la kisu, la korosho, la maneno ya kwenye basi. Aliniacha nimalize. Nilitaka anipige. Alikunja mswala wake, akaniangalia usoni muda mrefu, kama mtu anayemtambua mgeni aliyewahi kufika zamani.

"Nilipoondoka nilikuacha kwake," alisema, "nikawa najiambia damu yangu itakulinda." Akanionyesha mlango. "Toka. Mwanamume huyu ninayemwona kwako nimeshaachana naye."

Lala salama, kama unaweza.

Ni mimi binti yako, uliyenilea mwenyewe.