Kwa Mama, Uliyetuambia Tuache Nafasi Mbele

Mwaka umetimia, Mama, tangu ututoke asubuhi ile ukiwa umeushika mkono wa Baba. Tunakuandikia kwa sababu kuna habari ambayo ungependa kuisikia.

Ulikuwa mhandisi wa barabara, na kazi yako haikuwa rahisi kuieleza. Watu walidhani unajenga madaraja. Wewe ulikuwa ukitafuta uhusiano wa mambo matatu: mwendo wa magari, yamebanana kiasi gani, na ni mangapi yanayopita kwa saa. Sisi ulitufundisha kwa miguu. Ulitupanga tuizunguke meza ya chakula, kwanza mmoja, kisha ukawa unaongeza binamu mmoja mmoja, huku ukihesabu wanaopita mbele ya kiti cha Bibi. Aliyekuwa peke yake alikimbia, lakini aliyepita ni yeye tu. Tulipojaa, tulikanyagana visigino, tukasimama.

"Mnanitia kizunguzungu," Bibi alilalamika.

"Vumilia, Mama. Natafuta pale katikati, wanapopita wengi kuliko wote."

Mtu akikuambia haraka haraka haina baraka, ulicheka. "Na polepole iliyopitiliza haina baraka vilevile," ulimjibu. "Kila barabara ina mwendo wake."

Ulikuwa mpole hata kwenye usukani. Gari likikuchomekea, ulisema, "Mwache aingie, naye ana kwao." Baba siku hizi anaendesha hivyohivyo. Anapigiwa honi, anapunga mkono.

Kazi uliyoipenda kuliko zote ni vile vibao vya taa kwenye barabara kuu, vya kuwapunguzia madereva mwendo asubuhi kabla hawajarundikana kule mbele. Wakakuita Mama Kobe. Mjomba, kaka yako mwenyewe, dereva wa lori, ndiye aliyeanza. "Dada, unataka tutambae mpaka tuzeeke?" Ulipougua, malalamiko yakazidi, vibao vikazimwa. Hilo lilikuuma kuliko sindano. "Havikupewa muda," ulituambia, ukageukia ukutani.

Siku ya kukusindikiza makaburini, Mjomba aliongoza msafara. Aliwaambia madereva, "Leo hakuna kubanana. Acheni nafasi mbele, mwendo uwe mmoja, kama Dada alivyotaka." Barabara ilikuwa imejaa, lakini tulifika bila kusimama. Aliposhuka, aliwapa madereva mkono mmoja mmoja.

Mimi, kitindamimba wako, nimehitimu. Wenzako wa ofisini wamenifundisha hesabu zako, na juzi walinipa nafasi ya kuzieleza mbele ya wakubwa wao. Mkubwa mmoja akauliza ni dereva gani atakayekubali kupunguza mwendo huku anaona njia nyeupe.

Mjomba, aliyekuwa amenisindikiza, akainuka nyuma ya ukumbi. "Mimi," alisema. "Na lori langu ni pana. Walio nyuma yangu watakubali tu."

Ukumbi ukacheka, na wakubwa wakacheka.

Mama, vibao vitawashwa tena Jumatatu, kwa majaribio. Huenda tumekosea mahali. Basi tutahesabu upya, kama ulivyokuwa ukifanya, bila kununa. Lakini tunaamini kuna wauguzi, walimu na mafundi watakaofika kazini roho zao zimetulia, wala hawatajua wamshukuru nani. Sisi tunamjua.

Tunaokukumbuka ni mumeo, mama yako mzazi, kaka yako, wanao watatu na wapwa zako wote. Hatutaacha kukukumbuka, Mama.