Niliyofuta Ukutani

Isoken ndugu yangu, nimejifungia jikoni. Nyumba inaondoka hivihivi naiona!

Si nilipaka ukuta wa mbele rangi ya maziwa, nyumba ipate sura? Basi nikafuta na yale maandishi mekundu ya baba mkwe, NYUMBA HII HAIUZWI, aliyoyaandika ili matapeli wasije wakaiuza. Nilifuta kwa mkono wangu mwenyewe!

Leo kabisha hodi mzee mmoja na mpima ardhi wake. "Mama, tumeona mmefuta. Tumekuja kuiona."

Mmefuta! Nikamwambia, "Baba, nimepaka rangi tu." Akacheka. "Mji huu wa Benin, nani anafuta maneno yale kama hauzi?"

Mume wangu yuko melini, hapatikani. Nikamwita mdogo wake, Osayande, aje awafukuze. Kaingia anafoka. "Mke wetu, nani kakutuma kufuta maneno ya baba?" Nikamwambia nitukane baadaye, wafukuze kwanza. Akatoka.

Isoken, hajawafukuza. Kawapa viti! Namsikia anacheka nao, anawauliza wamejipanga na pesa ngapi.

Sasa ananiita. "Mke wetu! Njoo uwatembeze wageni vyumbani."